Mzigo wa Baiskeli Ukae Wapi?

Asubuhi mapema kwenye Barabara ya Gitanga, mafundi wa mjengo hutoka Kawangware kwa baiskeli wakielekea Lavington na Kilimani. Mmoja amefunga begi la nyundo na timazi kwenye keria. Mwenzake amelibeba lake mgongoni, shati limeshaloa kabla ya jua kuchomoza. Vifaa ni vilevile, na uzito pengine ni uleule, ila mmoja atafika kazini akiwa amechoka kuliko mwingine.

Watu wengi hulaumu kilo. Hebu tuzipige hesabu. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20. Kuupandisha mlima wenye kimo cha mita 50 kunahitaji joule 9,800. Mwili hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi ya misuli, kwa hiyo mlima huo utakugharimu kama joule 40,000, yaani kalori 10 hivi za chakula. Tonge moja la ugali linatosha na kubaki. Kwenye tambarare, mzigo huohuo huongeza gharama kidogo sana, mradi tairi zimejazwa upepo vizuri. Taabu kubwa huanzia pale mzigo ulipowekwa.

Tuanze na mgongo. Ile robo tatu ya nishati isiyogeuka kuwa kazi hugeuka kuwa joto, na mwili hauna njia bora ya kulitoa kuliko jasho. Kila gramu ya jasho inayokauka kwenye ngozi huondoka na joule 2,400 hivi. Jasho linalochuruzika chini ya begi bila kukauka halijakupoza hata kidogo, nawe umefunika sehemu ya mwili inayotoa jasho jingi. Hata hivyo mgongo una sifa yake. Miguu na mikono hujikunja baiskeli inaporuka shimo, ikameza mshtuko. Keria ya chuma haimezi chochote. Kwa kompyuta ndogo, basi, ningechagua mgongo bila kusita. Kwa misumari, kamwe.

Kikapu cha mbele kinapendeza, na mzigo unauona muda wote. Lakini baiskeli iendayo polepole hubaki wima kwa sababu mwendeshaji hugeuzageuza usukani kidogo kidogo, kulia na kushoto, akiirudisha chini ya uzito wake. Kikapu kilichofungwa kwenye usukani hugeuka nao, na kilo tano zilizo pale huufanya usukani uwe mzito kuitika. Kwenye lami hutaona tofauti kubwa. Ndani ya Gatwekera au Laini Saba, huko Kibera, ambako unakwepa mtaro, mtoto na bomba la maji kwa mwendo wa mtu anayetembea, utaiona mara moja.

Vitabu vya baiskeli husifu mifuko miwili ya pembeni, inayoning'inia chini kando ya gurudumu la nyuma. Sifa hizo ni za haki: baiskeli ikiinama, mzigo ulio nusu mita kutoka ardhini huivuta ianguke kwa nusu ya nguvu ya mzigo huohuo ulio mita moja juu. Kasoro ni kwamba vichochoro vya Kibera havikujengwa kwa ajili ya mifuko ya pembeni. Ikitanuka, hukwaruza mabati ya watu, na ikisogea mbele mno, kisigino huigonga kila unapokanyaga pedeli.

Ndiyo maana wachuuzi wengi hupanga mzigo kwenda juu, na fizikia haiwacheki. Simamisha kalamu kwenye ncha ya kidole, kisha ujaribu mpini wa ufagio. Mpini ni rahisi zaidi, kwa kuwa kitu kirefu huanguka polepole na kukupa nafasi ya kukirekebisha. Trei za mayai zilizorundikwa kwenye keria hufuata kanuni hiyo, mradi baiskeli inatembea. Shida huja ukisimama: ikishainama vya kutosha, mkono mmoja hauwezi kuizuia.

Kwa mbele na nyuma hakuna mjadala. Kilo zilizo nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hulinyanyua gurudumu la mbele kama mtu anayebonyeza ncha ya mtaimbo, na kwenye mlima usukani huanza kuyumba. Kitu kizito kikae karibu na kiti.

Waliotengeneza baiskeli nzito za Kiingereza, ambazo wajukuu wake wa Kihindi na Kichina twawaita Black Mamba, walijua mzigo utaelekea wapi: waliweka spoki 32 mbele na 40 nyuma. Baiskeli ya Buffalo, inayounganishwa Kisumu, ina keria iliyoundwa kubeba kilo 100. Keria nyembamba za baiskeli za mitumba ni hadithi nyingine. Kabla ya kununua, ishike keria uitikise kwa nguvu kushoto na kulia. Ikicheza ikiwa tupu, ikiwa na mtungi itacheza zaidi.

Na mtungi wenyewe ujazwe hadi shingoni. Maji ya nusu mtungi hukimbilia upande uleule baiskeli inakoinamia, halafu hurudi ukiwa umeshageuza usukani. Kwa vifaa na nguo, ndoo ya rangi yenye kifuniko hushinda gunia wakati wa masika, nayo haiingizi hata tone. Ifunge kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, ukiivuta mpaka ndoo na keria viwe kitu kimoja, na ncha zinazobaki uzichomeke ndani. Ncha inayoning'inia ikinaswa na spoki, gurudumu hukwama papo hapo.

Kisha kuna breki. Nishati ya mwendo hukua sawia na uzito, lakini kasi ikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Rimu ya chuma iliyoloa hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake, na breki za Black Mamba hubana rimu hiyohiyo. Kwa hiyo mvua ikinyesha nawe una mzigo, anza kubana breki ungali juu ya mteremko; mizunguko michache ya kwanza huenda yote katika kufuta maji.