Je, Wajua? Hata Adamu Aliitwa Ajitetee

Tunda limeliwa, bado akaulizwa
Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua msomi Richard Bentley shahada zake bila kumwita ajieleze. Shauri lilipofika mahakamani mwaka 1723, Jaji Fortescue alikwenda mpaka Bustani ya Edeni: Mungu alijua fika nani kala tunda, lakini hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza. Shahada zikarudi. Hoja hiyo ina miaka 300 na bado mawakili wanaipenda!

Bosi wa polisi aliyepigania pensheni
Februari 1958 Charles Ridge, mkuu wa polisi wa mji wa Brighton, Uingereza, aliachiwa huru katika kesi ya kula njama. Machi 7 kamati iliyomwajiri ikaketi, ikamfukuza. Mwenyewe hakuitwa. Zaidi ya miaka 30 ya utumishi iliyeyuka kwa kikao kimoja, na pensheni nayo. Hapo ndipo penye utamu: Ridge hakutaka kurudishiwa kiti, alitaka astaafu na haki zake. Mwaka 1963 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikasema kufukuzwa kule ni batili. Mahakama za Afrika Mashariki huitaja kesi hiyo hadi leo.

Mlinzi wa shule na kikao chenye jina lake
Marekani, kikao cha kumsikiliza mtumishi wa umma kabla hajafukuzwa huitwa kwa jina la Loudermill, mlinzi wa shule za Cleveland. Alifukuzwa kwa madai ya kudanganya kwenye fomu ya kazi. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua alipaswa kusikilizwa kwanza, hata kwa kifupi tu.

Muda wa kujitetea ulipimwa kwa maji
Athene ya kale kila kiongozi alikaguliwa akimaliza muhula. Akishtakiwa, alijitetea kwenye mabaraza yao ya hukumu, ambako hotuba zilipimwa kwa chungu cha maji chenye tundu. Kimoja kilichofukuliwa hubeba lita 6.4, chini ya theluthi ya dumu la lita 20, na hukauka kwa dakika sita hivi. Maji yakiisha, nyamaza.

Si mahakamani tu
Katiba ya Tanzania, Ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu mbele ya mahakama *au chombo kingine* kinachoamua haki zake. Yaani hata ile kamati ya nidhamu ya watu watatu, chumba cha mwisho kwenye korido ya halmashauri.