Mpinzani Ndani ya Simu: Baiskeli, Vipimo na Ari ya Kushindana

Programu ya kurekodi safari za baiskeli humpimia mwendeshaji mwendo wake, kisha humletea washindani ambao hakuondoka nao nyumbani. Mashuhuri kati ya programu hizo ni Strava, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009 na Mark Gainey na Michael Horvath, waliowahi kupiga makasia pamoja katika Chuo Kikuu cha Harvard. Ndani yake barabara hugawanywa vipande, hasa penye milima. Kila apitaye muda wake huandikwa, na mwenye muda mfupi kuliko wote huitwa mfalme au malkia wa mlima hadi atokee wa kumpindua. Waendesha baiskeli wengi huipenda na kuilalamikia kwa pumzi moja, na sayansi inaonyesha kwamba wana sababu za kufanya yote mawili.

Kwamba mtu hukanyaga pedali kwa nguvu zaidi akiwa na mwenzake ni jambo lililochunguzwa zamani. Norman Triplett wa Chuo Kikuu cha Indiana alipitia rekodi za mbio za baiskeli za mwaka 1897, akaona kwamba waliokimbia peke yao dhidi ya saa walipitwa kasi na waliokuwa na wa kuwatangulia, na pia na walioshindana ana kwa ana. Lakini anayefuata nyuma ya mwenzake hukingwa upepo, kwa hiyo rekodi hizo pekee hazikuweza kumaliza ubishi. Triplett akawapa watoto 40 kazi ya kuzungusha vigurudumu vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, mara peke yao, mara wakishindana. Matokeo yake ya mwaka 1898 huhesabiwa miongoni mwa majaribio ya mwanzo kabisa ya saikolojia ya jamii. Yanapotajwa, mara nyingi husahauliwa jambo lililo muhimu zaidi: nusu ya watoto waliongeza kasi waliposhindana, ila robo walizidiwa na msisimko wakapunguza, na robo iliyobaki hawakubadilika sana. Ushindani uleule humjenga mmoja na kumvuruga mwingine. Programu ya simu huwawekea wote jedwali moja la nyakati.

Jedwali lenyewe lina mipaka yake. Simu hujua ilipo kwa kupima muda ambao mawimbi ya redio hutumia kufika kutoka kwenye setilaiti za GPS, zilizo umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi. Mahali peupe, simu hukosea kwa mita chache, mara nyingi karibu 5. Penye majengo marefu au miti iliyosongamana, kosa huongezeka. Anayekwenda kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde, hivyo mita 5 ni nusu sekunde, na kosa hilo laweza kutokea mwanzoni mwa kipande na tena mwishoni. Katika kipande kifupi, taji lililoamuliwa kwa sekunde moja halithibitishi nani aliyekuwa na kasi zaidi.

Upepo nao huchangia kupotosha matokeo, pengine kuliko yote. Penye tambarare, nguvu inayohitajika kuushinda ukinzani wa hewa hupanda kwa mchemraba wa kasi: kuongeza kasi kwa asilimia 10 kunadai theluthi moja zaidi ya nguvu. Ndiyo maana aliyesukumwa na upepo wa nyuma, au aliyejificha katikati ya kundi, huvunja rekodi ya mtu mwenye mapafu na miguu bora kuliko yake.

Athari za vipimo kwa furaha ya mtu zimechunguzwa pia. Mwaka 2016 Jordan Etkin wa Chuo Kikuu cha Duke alichapisha majaribio yaliyohusu kupaka rangi, kutembea na kusoma. Vipimo viliwafanya watu watende zaidi huku furaha yao ikipungua, kwa sababu starehe ilianza kufanana na kazi. Hilo linaeleza vizuri kwa nini mtu aliyeanza kuendesha kwa kupenda mandhari hujikuta akitazama namba.

Hasara nyingine huangukia mazoezi. Stephen Seiler, mtafiti wa fiziolojia aliyefanya kazi Norwei, ameonyesha kwamba wanamichezo wa kiwango cha juu katika michezo ya ustahimilivu hufanya takriban asilimia 80 ya vipindi vyao vya mazoezi kwa mwendo mwepesi. Siku hizo nyepesi huonekana dhaifu kwenye programu. Anayeona aibu kuzionyesha huishia kwenda kwa bidii ya wastani kila siku, asipumzike ipasavyo wala asijikamue ipasavyo.

Penye mteremko na magari, tamaa ya taji ni hatari kwa maisha. Strava huruhusu watumiaji kuripoti kipande cha hatari, na hatua hiyo inahitajika sana.

Pamoja na hayo, faida si ndogo. Anayeishi mbali na klabu hupata wenzake wa kujipima nao, na anayeanza huona maendeleo ambayo mwili hauyasemi waziwazi. Mwaustralia Jay Vine alipata mkataba wa timu ya kulipwa kupitia mashindano ya Zwift, programu ya kuendesha baiskeli ndani ya nyumba, na mwaka 2022 akashinda hatua mbili za mbio za Vuelta a España. Wengine huchukua njia ya kati: huficha safari zao zisiingie kwenye jedwali, hujilinganisha na muda wao wenyewe wa zamani kwenye mlima uleule, au hurekodi simu ikiwa mfukoni na kuziangalia namba wakishafika.