Padi ya Mtaa, Mausi ya Ubabi

Mtaani ukiskia msee akisema "hiyo risto niliilenga", anamaanisha aliachana nayo. Kulenga kwa Sheng ni kupotezea. Unalenga ex wako, unalenga msee anakudai soo mbili tangu Januari. Lakini ukiingia hii den yetu ya gemu ya Umoja, neno linarudi kwa maana yake ya zamani, ile ya babu na mshale: kuweka alama kwa kichwa ya adui kabla yeye akuwekee. Na vita ya hapo haijawai isha. Nani analenga kwa ukweli, msee wa padi ya PlayStation ama msee wa mausi ya kompyuta?

Jumamosi moja morio wa campo aliingia na begi ya laptopu mgongoni. Akacheki watoi wamejipanga kwa PlayStation wakichapana Call of Duty, alafu akasema kwa sauti kwamba padi si kucheza, padi ni gemu inakuchezea. Den yote ilinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na hiyo maneno nimekaa nayo hadi leo, ju nimeishi pande zote mbili. Najua penye amekosea. Na inaniuma kusema, najua pia penye hajakosea.

Padi ndo ilinilea. Tulikuwa tunalipa mbao kwa gemu moja ya FIFA, na ukitaka gemu ya bunduki unangoja giza iingie, wasee wa boli wachoke, ju skrini zilikuwa mbili tu na boli ndo ilikuwa inaleta doo. Tunagawa skrini katikati, mimi na beshte yangu bega kwa bega, kila mtu akichungulia upande wa mwenzake. Kidole gumba cha kushoto kinatembea, cha kulia kinaangalia, vidole vya shahada viko kwa triga. Baada ya mwaka mmoja hauwazi tena. Mkono unajua, venye mguu unajua ngazi za ploti yenu hata stima ikipotea.

Mausi nilikutana nayo baadaye, kwa saiba moja ilikuwa inaachilia wasee wacheze Counter-Strike ikishafunga kazi ya kuprint na KRA. Nilidhani nitazoea kwa siku mbili. Ilinichukua miezi. Na si ati vidole vilikuwa vizito, ni venye hizi vitu mbili zinabonga lugha tofauti kabisa na mkono wako.

Cheki hivi. Mausi ni ya umbali. Ukiisukuma sentimita tatu, alama kwa skrini inasonga kiasi chake, na ukisimama, inasimama. Kenye mkono umefanya ndo kenye jicho limeona. Stiki si hivyo. Stiki ni ya kasi. Ukiisukuma kulia hauambii gemu "fika pale", unaiambia "anza kuelekea pale, kwa spidi hii", na itaendelea kuenda hadi uirudishe katikati. Kwa hivyo msee wa padi halengi tu, anapiga hesabu ya saa ya kuachilia. Na hiyo yote anafanya na kidole gumba, kwa safari isiyofika hata sentimita mbili kutoka katikati hadi ukingo. Linganisha na wale wazito wa Counter-Strike, wenye hushusha spidi ya mausi hadi kugeuka nyuzi 360 kunataka usukume mkono sentimita 40 na zaidi juu ya meza. Bega lote liko kazini, kama fundi akipiga randa ubao. Kiganja na vidole vinakuja mwisho, kusahihisha. Msee ako na meza nzima ya kulengea. Mwingine ako na kitu kidogo kama kifuniko cha soda.

Hapo ndo nataka yule morio wa campo aanzie hesabu yake.

Historia pia iko upande wangu. Mwaka 1997 kule Marekani, Dennis Fong, kwa jina la uwanjani Thresh, alishinda mashindano ya Quake na akapewa Ferrari ya John Carmack mwenyewe, mmoja wa wenye waliunda hiyo gemu. Thresh ndo hupewa heshima ya kusambaza ule mpangilio wa herufi W, A, S na D kwa mkono wa kushoto, mausi kulia. Kompyuta ilipata mkono wake mapema. Konsoli ilihangaika. Mwaka 2000 gemu ya Alien Resurrection ilitoka kwa PlayStation na mpangilio ule ule tunatumia leo, stiki ya kushoto utembee, ya kulia uangalie, na kuna mhakiki aliulalamikia ati mpangilio wenyewe unatisha kuliko hata yale madude ya gemu. Mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 2001, Halo ikatoka na Xbox, na wasee wakaona kumbe inawezekana. Kilichobadilika si vidole vya watu. Halo ilikuja na mkono wa siri: alama yako ikipita juu ya adui, spidi inapungua kidogo ndo usimpite. Hiyo ndo eimu asisti. Sisi huiita tu asisti, ka ya boli.

Na hapa nitabonga polepole, ju ndo penye moto uko.

Asisti ya leo imekomaa, iko na sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ya Halo, ya kupunguza mwendo. Ya pili ndo inaleta ngori: inazunguka. Adui akikimbia mbele yako na wewe unasonga, gemu inavuta alama yako kidogo imfuate. Si ati inashikilia kichwa yake na kumaliza kazi. Ukiwacha kucheza haitakuchezea. Lakini fikiria jambo moja. Binadamu akiona kitu kimegeuza njia, mkono unaamka baada ya kama sekunde 0.2. Haijalishi wewe ni nani, macho na mishipa iko na mwendo wake. Asisti haina macho. Haingoji. Adui akigeuka, inageuka. Kwa mapigano ya karibu, ya mlango kwa mlango, hizo sehemu za sekunde ndo uhai. Msee wa mausi akilia hapo hasingizii. Anapigana na mtu na mashine kwa wakati mmoja.

Ongeza hii: stiki ya kushoto inatembea kila upande na kwa kila spidi. Kibodi iko na njia nane, na kila kitufe ni ndio ama hapana. Kwa hivyo msee wa padi kwa Apex Legends anakuyumbia kushoto kulia, anazunguka, na risasi bado zinakaa kifuani mwako. Nimefanyiwa hivyo nikiwa na mausi. Nimefanyia watu hivyo nikiwa na padi. Najua kulikuwa na mkono mwingine ndani.

Wenye gemu wenyewe wanajua. Kwa Apex, nguvu ya asisti kwa konsoli ilikuwa 0.6 na kwa kompyuta 0.4, na Agosti 2024 wakakata robo ya hiyo ya lobi za kompyuta. Haukati kitu haina uzito. Kabla ya hapo, 2023, Philip Dosen, yule ImperialHal, kapteni mwenye alikuwa amepata jina akitumia mausi na kibodi, aliweka mausi chini akashika padi. Huyo ni msee anacheza ndo ale. Ligi ya Call of Duty nayo ilihamia kompyuta msimu wa 2021, na bado wachezaji wakabaki na padi mikononi.

Enda upande ule mwingine uone. Kwa Counter-Strike hakuna huruma. Umbali ni mrefu, risasi moja ya kichwa inakumada, na padi hapo hata hautaitoa kwa begi. Valorant ilipofika konsoli 2024, wenye gemu, Riot, walikataa kuchanganya wa konsoli na wa kompyuta. Nawaheshimu kwa hiyo. Walisema kwa vitendo kwamba hizi ni silaha mbili, kila moja ipigane na ndugu yake. Ndo mimi hudai kila mahali: lobi za mashindano zigawanywe kwa kenye umeshika, na namba ya asisti iandikwe wazi penye kila mtu anaiona.

Lakini yule morio hakusema hivyo. Alisema padi si kucheza, na alisema hivyo Umoja, mbele ya watoi wa Umoja. Hiyo ndo ilinichoma.

Ju kwa Kanairo haujichagulii silaha. Mfuko ndo unakuchagulia. Kompyuta yenye kadi ya grafiksi, monita ya kasi na mausi ya maana ni rent ya keja ya miezi kadhaa. Padi ni mbao na foleni. Wenye wamelelewa na mausi wengi ni wa ubabi, ama walipata kazi mapema, ama walifika campo yenye intaneti ya nguvu. Mimi nilifika mausi ju ya saiba moja na bahati. Ukicheka mkono wa mtoi wa den, unacheka penye alizaliwa.

Na bado hatujafika kwa seva. Gemu nyingi kubwa hazina seva hapa kwetu, unatupwa Ulaya, Afrika Kusini ama Ghuba, na risasi yako inasafiri baharini kwanza. Wasee wa pwani ya Marekani wanabishana juu ya sehemu za sekunde; sisi tunaanza tukiwa tumedaiwa zaidi ya hizo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na siku hizo den yetu haikuwa na swali la padi ama mausi. Wasee walirudi kwa skrini iliyogawanywa, bega kwa bega, na nikaona watoi wengine wakiijaribu kwa mara ya kwanza.

Kuna watu sina nafasi yao kwa moyo wangu. Ni wale wananunua kale kadude, unachomeka mausi na kibodi, konsoli inadanganywa ati ni padi. Sasa ako na meza nzima ya kulengea na bado anakula asisti ya kidole gumba. Amechukua vyote viwili. Rainbow Six Siege walitafuta dawa 2023, wakaiita Mousetrap: ikikushika, ilikuwa inachelewesha vidole vyako, na ukiendelea inazidi kuchelewesha. Hakukuwa na kufukuzwa, ulikuwa unaonjeshwa tu uzito. Nilifurahi sana. Upande wa kibodi pia si malaika wote. Zilitoka kibodi zenye hukusaidia kubadilisha A na D bila vidole vyako kupanga muda, na Agosti 2024 Valve, wenye Counter-Strike, wakazima hiyo kitu kwa seva zao rasmi za Counter-Strike 2. Kwa hivyo msee wa mausi asiniambie mashine haijawai msaidia.

Wa simu wao walisuluhisha hii mapema. PUBG Mobile huweka wenye wanatumia kompyuta kwa lobi zao, na Call of Duty ya simu hutenga wa padi. Watoi wenye simu ya skrini imepasuka wamepewa haki yenye wa dola elfu mbili bado wanaitetea.

Turudi den. Morio wa campo alirudi wiki mbili baadaye, mpole kiasi, na mausi na kibodi yake kwa begi. Call of Duty kwa PlayStation inakubali uzichomeke bila udanganyifu, na gemu inakutambua kama ulivyo, asisti hupati. Akauliza nani anataka. Akasimama mtoi wa Form Two, mdogo wa mwili, mwenye padi yake ni ile imechoka kuliko zote: stiki ya kulia inateleza kushoto hata usipoigusa. Ameizoea hivyo. Amecheza nayo mwaka mzima akiivuta kulia kidogo, kila sekunde, bila kuwaza, kama mtu anaendesha baiskeli yenye usukani umepinda.

Walichapana raundi kama kumi. Sikuhesabu ya nani ilikuwa nyingi, nilikuwa nacheki mikono. Alafu mtoi akaomba ajaribu mausi. Akakaa, akaisukuma juu ya meza, akaacha. Akasukuma tena, akaacha. Akaangalia skrini, akaangalia mkono wake.

"Mbona inasimama nikisimama?"

Morio wa campo alikuwa ashachukua padi. Alama yake ilikuwa inakimbia kushoto pekee yake, imepita ukuta, imepita mlango, na kidole gumba chake kilikuwa kinaitafuta.

"Hii inatembea yenyewe," akasema.

"Ivute kulia kidogo," mtoi akamwambia, bila kuinua macho kwa meza. "Usiiachilie."