Abiria Asiyeamka: Dawa za Kulevya Usingizi Katika Mabasi ya Mikoani

Basi limefika kituo cha mwisho na abiria wote wameshuka, isipokuwa mmoja aliyeegemea dirisha. Utingo anamwita, anamtikisa, hajibu. Simu na fedha zake hazionekani. Mara nyingi hukumu hutolewa papo hapo kwamba amelewa, na hukumu hiyo huandamana naye hadi hospitalini na hadi kituo cha polisi.

Wizi wa kumlevya mtu kwa dawa unajulikana Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Nairobi, ambako husikika zaidi katika baa, dawa hizo huitwa mchele. Ndani ya basi mbinu haina makeke: jirani wa kiti mwenye maneno mazuri humkaribisha mwenziwe juisi au biskuti. Tangu mwaka 2023, Serikali ya Tanzania iliporuhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku, kazi ya kumtambua aliyedhurika imekuwa ngumu zaidi, kwani usiku kila mtu amelala.

Wengi husimulia kwamba walipungiwa kitambaa puani wakazimia mara moja. Kitabibu jambo hilo ni gumu kuaminika. Hata klorofomu huhitaji kuvutwa mfululizo kwa dakika kadhaa. Dawa zinazohusishwa zaidi na uhalifu wa namna hii ni za jamii ya benzodiazepini, kama diazepamu na lorazepamu, ambazo hospitalini hutuliza degedege na wasiwasi. Nazo humezwa.

Dawa hizi hufanya jambo jingine lenye uzito kwa upelelezi: huuzuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mgonjwa aliyezinduka hukumbuka safari hadi alipopokea chupa, kisha saa kadhaa hazipo. Huenda katika saa hizo alizungumza, alitembea, hata alitaja namba ya siri ya simu. Askari anayeandika maelezo yenye pengo kama hilo anaweza kudhani anadanganywa. Ni wajibu wa daktari kueleza katika fomu ya PF3 kwamba kusahau huko kunaweza kuwa tendo la dawa.

Lakini kwanza ni uhai. Mgonjwa asiyeamka alazwe kiubavu, njia ya hewa iwe wazi, upumuaji na kiwango cha oksijeni vifuatiliwe kwa karibu. Sukari ya damu ipimwe bila kuchelewa. Jeraha la kichwa, malaria kali, kifafa na homa ya uti wa mgongo vichunguzwe, maana si kila anayelala ndani ya basi amewekewa dawa. Harufu ya pombe isimalize uchunguzi: pombe na benzodiazepini zikikutana hudhoofisha upumuaji kuliko kila moja peke yake. Flumazenili, dawa inayozipinga benzodiazepini, isitolewe kwa mazoea, kwa kuwa yaweza kuamsha degedege. Matibabu ya dharura yasisubiri PF3. Fomu inaweza kufuata.

Mgonjwa akiwa mwanamke, na hata akiwa mwanamume, aulizwe kwa faragha iwapo ana maumivu au dalili za kuingiliwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda wa saa 72 tu, na mtu asiye na kumbukumbu hawezi kudai asichokijua.

Mkojo na damu vichukuliwe mapema, kwani ushahidi huu hutoweka kadiri mwili unavyoisafisha dawa. Vipimo vya haraka vya kijiti vinaweza kuikosa lorazepamu. Jibu hasi halitoshi kufunga jalada. Sampuli iandikwe saa ilipochukuliwa, ifungwe kwa lakiri, na kila anayeipokea atie sahihi, hadi ifike maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli nzuri iliyokosa mtiririko huo wa sahihi huweza kukataliwa mahakamani.

Utingo naye ana sehemu yake, pengine kubwa kuliko anavyodhani. Yeye ndiye aonaye nani alishuka njiani kabla ya kituo alichokatia tiketi, na tiketi za kielektroniki huonyesha aliyeketi kiti cha jirani. Polisi waipate taarifa hiyo siku ileile. Chupa iliyobaki chini ya kiti isifagiliwe pamoja na takataka. Ishikwe kwa mfuko safi, isimwagwe, ikabidhiwe kwa askari.