Kwa Nini Aliyeacha Unga Hufa Akirudia?

Kamati za sharika hutuuliza: kijana wa Kariakoo amekaa miezi mitatu kijijini bila unga, amenenepa, kisha siku ya kurudi mjini amekutwa amekufa. Je, alitiliwa sumu?

Mara nyingi hapana. Heroini mwilini hugeuka kuwa mofini, ambayo hupunguza kasi ya kupumua. Mwili wa anayetumia kila siku huzoea kipimo kikubwa. Akiacha, mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache, lakini yeye akirudia hutumia kipimo kilekile cha zamani, na pumzi hukatika. Pombe huzidisha hatari. Akikoroma kwa shida na haamki, huo si usingizi, mkimbizeni hospitali.

Ndiyo maana hatushauri kumpeleka kijana shamba na kungoja tu. Tangu Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili hutoa methadoni, dawa ya kunywa mbele ya mhudumu. Muhimbili si mbali na Kariakoo, ila dawa hunywewa kila siku, pengine kwa miaka. Kamati inayotaka kusaidia ianze na nauli.