Zana za Kirangozi: Nyenzo za Kuendesha Mchezo wa Kuigiza Uhusika Mezani kwa Kutumia Njia ya Misafara ya Unyamwezi, kwa Mfano wa Bukene

Ikisiri

Makala haya yanaeleza zana na nyenzo anazohitaji mtu anayeongoza mchezo wa kuigiza uhusika mezani, na yanazipima kwa mazingira ya Bukene, Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora. Hoja kuu ni kwamba zana inayofaa humpunguzia kiongozi mzigo wa kuamua kila jambo peke yake, bila kumpokonya mchezaji uamuzi wake. Makala yanaonesha kuwa bao, simbi, karata na kumbukumbu za misafara ya karne ya 19 zinaweza kufanya kazi hiyo. Aidha, yanatahadharisha kuwa kumbukumbu nyingi za misafara ziliandikwa na waajiri wa wapagazi. Jedwali lolote linalotokana nazo hurithi jicho la mwajiri, na lisiporekebishwa humgeuza pagazi kuwa chombo cha kubebea mzigo badala ya mhusika.

1.0 Utangulizi

Mchezo wa kuigiza uhusika mezani ni mchezo ambamo kundi dogo la watu husimulia kisa kwa pamoja. Kila mchezaji hubeba uhusika wa mtu mmoja na kueleza mtu huyo anafanya nini. Kiongozi wa mchezo hueleza mazingira, huwasemea wahusika wengine wote, na huamua lini matokeo yaachiwe bahati. Aina hii ya mchezo ilipata umbo la kitabu mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani. Tangu hapo zimeandikwa kanuni nyingi, na pamoja nazo vifaa vya kumsaidia kiongozi: dadu za pande nyingi, ramani, majedwali ya matukio na programu za kompyuta.

Bukene iko kaskazini ya mji wa Tabora, kando ya reli ya Tabora hadi Mwanza. Kiongozi wa mchezo aliyeko huko hukabiliwa na maswali matatu. Je, zana inafanya kazi bila umeme na bila mashine ya kuchapia? Je, inasema Kiswahili, na inaacha nafasi ya Kinyamwezi? Je, ulimwengu unaosimuliwa una uhusiano wowote na wanaoketi mezani? Vitabu vya kigeni hujibu swali la tatu kwa majumba ya mawe na mazimwi. Unyamwezi una jibu lake: njia ya misafara kati ya pwani, Tabora na maziwa makuu.

Makala haya ni uchambuzi wa zana. Sehemu ya pili inafafanua istilahi, ya tatu inachambua zana za bahati, ya nne zana za kuhesabu safari, ya tano nyenzo za maandishi, na ya sita zana za kulinda wachezaji.

2.0 Istilahi

Makala yanapendekeza neno kirangozi kwa maana ya kiongozi wa mchezo. Katika msafara, kirangozi alitangulia mbele, mara nyingi akiwa na bendera na mavazi ya kumtofautisha. Hakuwa mwenye mali. Alijua njia, alijua wapi pana maji, na alitegemea ridhaa ya waliomfuata. Uhusiano huo ndio unaotakiwa mezani.

Msamiati mwingine wa msafara ungali hai na hauhitaji tafsiri. Posho ni chakula cha msafiri au ujira wa kukinunua. Mnyapara ni msimamizi wa kundi. Hongo, ambalo leo lina maana ya rushwa, lilikuwa malipo yaliyodaiwa na watawala wa nchi ambako msafara ulipita. Terekeza ni mwendo wa alasiri kuvuka eneo lisilo na maji, watu wakilala njiani na kufika kwenye maji siku ya pili. Kila neno kati ya haya linabeba uamuzi: kula leo au kubakiza, kulipa au kuzunguka, kulala hapa au kuterekeza. Kwa sababu hiyo msamiati wenyewe ni zana ya kwanza ya kirangozi.

3.0 Zana za bahati

3.1 Dadu

Dadu ya pande sita hupatikana popote panapochezwa ludo. Dadu moja hutoa kila namba kwa uwezekano ulio sawa. Dadu mbili zikijumlishwa hubadilisha tabia hiyo: 7 hutokea kwa njia 6 kati ya 36, ilhali 2 na 12 hutokea kwa njia 1 tu kila moja. Kirangozi anayetaka mambo ya kawaida yatokee mara nyingi na maajabu mara chache atumie dadu mbili. Anayetaka kuchagua kwa usawa kati ya mambo sita atumie moja. Dadu za pande 8, 12 au 20 si za lazima.

3.2 Simbi

Simbi, yaani kauri, ina pande mbili tu: mdomo juu au mgongo juu. Simbi nne zikirushwa pamoja na kuhesabiwa zilizoonesha mdomo, matokeo ni kutoka 0 hadi 4. Kama kila simbi ingeanguka kwa usawa, matokeo hayo yangetokea kwa uwiano wa 1, 4, 6, 4 na 1 katika kila 16. Lakini simbi si sarafu, kwa kuwa umbo lake huilaza upande mmoja zaidi. Tuseme mdomo hutokea mara 40 katika 100. Hapo simbi zote nne zitaonesha mdomo chini ya mara 3 katika 100, na zote zitaonesha mgongo karibu mara 13. Kirangozi aliyedhani kuwa ncha hizi mbili zina uzito sawa atakuwa ameupinda mchezo bila kujua. Tiba yake ni kurusha kila simbi mara 100 kabla ya mchezo, kuandika hesabu, na kuweka tukio kubwa zaidi kwenye ncha iliyo adimu zaidi.

3.3 Karata

Karata 52 zina sifa ambayo dadu na simbi hazina: karata iliyokwisha kutoka hairudi hadi zichanganywe upya. Dadu haikumbuki mrusho uliopita, lakini karata zinakumbuka. Zinafaa basi kwa safari yenye mwanzo na mwisho. Kopa inaweza kusimama kwa mambo ya watu, uru kwa mali, shupaza kwa hatari, na pao kwa njia na hali ya hewa. Shupaza zikiisha mapema, wachezaji wenyewe watatambua kuwa njia iliyobaki ni salama zaidi, na watapanga kwa kutumia ujuzi huo.

4.0 Zana za kuhesabu safari

Kosa linalojitokeza katika michezo ya safari ni kuifanya njia kuwa namba moja: "mnafika baada ya siku kadhaa." Kumbukumbu za njia ya kati zinalikataa wazo hilo. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya zaidi ya miezi minne. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 akafika Unyanyembe mwezi Juni, baada ya miezi mitatu hivi. Umbali haukubadilika. Muda ulibadilishwa na maradhi, majadiliano ya hongo, utoro, mvua na upatikanaji wa chakula. Jedwali zuri la safari huhesabu visababishi hivyo, kisha siku hujitokeza zenyewe.

Bao linafaa sana kwa kazi hii. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Kila safu inaweza kuwa sehemu moja ya njia: ya kwanza kutoka pwani hadi Mpwapwa, ya pili Ugogo, ya tatu Mgunda Mkali, na ya nne Unyamwezi hadi nyumbani. Kete ni posho. Mwanzoni kila shimo hupewa kete mbili. Kundi likisonga shimo moja hula kete zilizomo, na likikawia hula kete za mashimo yaliyo mbele. Safu ya Ugogo inaweza kujazwa upya kwa kununua nafaka, lakini hongo hudaiwa huko. Safu ya Mgunda Mkali, eneo lenye maji haba na vijiji vichache, haijazwi. Huko ndiko wachezaji huamua kuterekeza au kupumzika. Kila mtu mezani anaona kete zilizobaki, hivyo kirangozi halazimiki kutangaza njaa. Bao limekwisha kuitangaza.

Kwa mali, vipimo vya msafara vinatosha. Shuka ilikuwa mikono minne ya kitambaa, na doti ilikuwa shuka mbili. Frasila ilikaribia kilo 16, na mzigo wa pagazi mara nyingi ulikaribia frasila mbili. Posho ya kawaida ya siku ilikuwa kibaba cha nafaka. Karatasi ya mhusika inaweza kuwa na mistari mitano tu: jina na nyumbani kwake, kazi yake msafarani, mzigo wake, anachodai, na kinachomngoja nyumbani. Mstari wa mwisho ni muhimu kwa kundi la Bukene. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa pia wakulima, na msimu wa mvua uliwaita mashambani. Saa ya mchezo ni mawingu.

5.0 Nyenzo za maandishi na jicho la mwajiri

Kwa kanuni, nyenzo huria zipo. Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa hati ya kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, toleo la 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kutafsiri na kurekebisha mradi chanzo kitajwe. Mwalimu au mwanafunzi anaweza kuzitafsiri kihalali. Hata hivyo, kanuni hizo zimetoa nafasi kubwa kwa mapigano, silaha na uchawi. Msafara uliishi zaidi kwa majadiliano. Inashauriwa kuchukua utaratibu wa kupima mafanikio na kuacha orodha za silaha.

Kwa ulimwengu wa mchezo, kitabu cha Burton cha mwaka 1860 kina maelezo mengi ya bidhaa, vipimo na desturi za njia. Kwa Kiswahili kuna tawasifu ya Tippu Tip, na mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901, Safari za Wasuaheli. Njia yenyewe imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia tangu 2006, na Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, pana tembe iliyohusishwa na Livingstone na ambayo hutumika kama makumbusho.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Burton na Stanley walikuwa waajiri, na Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe na mwenye watumwa. Katika daftari la mwajiri, pagazi aliyeondoka usiku ni "mtoro", hasara iliyo sawa na mzigo ulioloa. Kirangozi akiliingiza neno hilo katika jedwali la majanga, pamoja na simba na homa, amekwisha kuamua nani ni mtu katika mchezo wake. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonesha kuwa wapagazi walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye utamaduni wao wa kazi, waliogoma, waliojadili posho, na waliotumia kuondoka kama njia ya kupinga. Kwa mtazamo huo, utoro hautolewi kwenye jedwali la bahati. Unawekwa kwenye karatasi ya mhusika, chini ya anachodai. Dai lisipotimizwa, mchezaji ndiye anayeamua kubaki au kuondoka, wala si dadu.

Kipimo hiki kinaweza kutumika kwa jedwali lolote: kila mstari uulizwe, "Je, hili ni tukio, au ni uamuzi wa mtu ambaye mwandishi hakumsikiliza?"

6.0 Zana za kulinda wachezaji

Njia hii ilikuwa pia njia ya watumwa, na vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe katika miaka ya 1870 viligusa koo ambazo vizazi vyake vipo. Zana ya kwanza ni makubaliano kabla ya mchezo: mambo gani hayatasimuliwa kabisa, na yapi yatatajwa bila kuoneshwa. Ya pili ni kadi moja katikati ya meza, ambayo yeyote akiigusa tukio hupitwa bila kuulizwa sababu. Ya tatu ni utani, ambao katika Tanzania ulikuzwa pia na safari hizi. Utani huruhusu kuambiana maneno makali kwa mpaka unaojulikana, lakini haupaswi kutumiwa kumnyamazisha aliyeumia.

Ya nne ni mazungumzo ya baadaye. Sanaa za maonesho kwa maendeleo, kama zilivyofanyika Malya, Wilaya ya Kwimba, mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuandikwa na Penina Mlama, zilimaliza igizo kwa mjadala wa wanakijiji. Mchezo wa mezani unahitaji mwisho wa namna hiyo, ili mchezaji aweke chini uhusika aliobeba.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa kirangozi wa Bukene anaweza kuendesha mchezo kamili kwa bao moja, karata, dadu mbili au simbi nne zilizopimwa, karatasi ya mistari mitano na kadi moja ya ulinzi. Ugumu uliobaki hauko katika vifaa. Uko katika kujua ni mambo gani yaachiwe bahati na yapi yarudishwe kwa wahusika. Inapendekezwa kuwa watafiti wa fasihi, historia na elimu waanze kwa kuandaa, kwa Kiswahili, majedwali ya msafara yaliyopimwa kwa swali lililotolewa katika sehemu ya tano, kabla ya kutafsiri kanuni za kigeni. Katika majedwali hayo pagazi atambuliwe kwanza kwa jina lake na kwa anachodai, ndipo uzito wa mzigo wake uandikwe.