Je, Wajua? Koti la Mlimani Liko Rangi Tatu

Je, wajua kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila upandapo mita 1,000? Chukua siku ya kawaida Mbagala, nyuzi 30 kivulini. Saa hiyohiyo Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, hesabu inatoa nyuzi 21. Juu kabisa ya Uluguru, kilele cha Kimhandu chenye mita 2,600 na ushei, inatoa 13. Uhuru, mita 5,895, inakupeleka nyuzi 8 chini ya sifuri, na upepo haujahesabiwa. Kwa hiyo lile jaketi zito la mtumba linaloonekana halina kazi juani pale Mbagala Rangi Tatu lina kazi yake. Kinachotakiwa ni kujua kulichagua.

Je, wajua kwamba pamba, rafiki yetu wa kila siku, ni adui mlimani? Huko juu, jinzi na fulana ya pamba zikilowa hunywa maji, huwa nzito, hukaa mwilini na kuunyonya joto. Poliesta hainywi karibu chochote: nyuzi zake hufyonza unyevu usiofika hata asilimia 1 ya uzito wake. Sufu ni ya namna yake, inaweza kubeba unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaanza kuhisi umelowa. Pindua nguo, tafuta kile kilebo kidogo cha ubavuni, soma. Asilimia 100 ya pamba, iache kwa safari ya baridi. Huku pwani ichukue. Huku kulowa na kupoa ndiyo raha yenyewe.

Vile vijaketi laini vyenye manyoya mafupi, vyepesi, vinavyokauka upesi, ni kitambaa cha flisi. Kilitengenezwa na kiwanda cha Malden Mills, mjini Lawrence, jimbo la Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1993 kampuni ya Patagonia ikaanza kuuza flisi iliyotokana na chupa za plastiki zilizotumika.

Na je, wajua kwamba jimbo hilohilo la Massachusetts ndilo lililotuvisha merikani? Baada ya Sultani Sayyid Said na Marekani kutia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, meli za mji wa Salem zilishusha Unguja majora kwa majora ya kitambaa kizito cha pamba kutoka viwanda vya huko, kikavuka hadi Bagamoyo na kubebwa bara na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, juu ya chakula chake na mkeka wake. Alitembea nao kwa miezi, peku au kwa makubazi. Tunapozungumzia vifaa vyepesi tukumbuke kwamba hao walitutangulia kuujua uzito, gramu kwa gramu.

Leo kikomo rasmi cha mzigo wa mpagazi Kilimanjaro ni kilo 20. Pale Moshi lipo shirika la KPAP, lililoanzishwa mwaka 2003, ambalo huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, maana wapo wanaopanda na mizigo ya wageni wakiwa wamevaa nguo ambazo mgeni mwenyewe asingethubutu kupanda nazo. Ukienda Kilimanjaro, kila kifaa kizito unachokiacha nyumbani kinapunguza mzigo kwenye shingo ya mtu.

Tuje kwenye fungu lenyewe la mitumba.

Je, wajua kwamba fundi cherehani anaweza kukuharibia koti la mvua kwa kulipunguza? Flisi, suruali na shati anapunguza atakavyo. Lakini koti la mvua la kweli limezibwa mishono kwa ndani kwa utepe uliobandikwa kwa moto. Sindano ikipita hapo imefungua vitundu, na maji hayahitaji zaidi ya hivyo. Basi koti la mvua lazima likutoshe palepale kwenye fungu. Livae juu ya sweta, nyoosha mikono juu, kisha chuchumaa. Kiuno kikibaki wazi au mikono ikipanda hadi nusu ya kigasha, lirudishe, hata kama bei ni ya kutupa. Fundi anaweza kukata kilichozidi, kilichopungua hana pa kukitoa.

Ukishalivaa, livue uligeuze. Rangi ya ndani ikibanduka kama magamba, au kitambaa kikinata vidoleni na kutoa harufu ya uchachu, ule utando wa kuzuia maji umeoza. Hauna dawa. Joto na unyevunyevu wa pwani huuharakisha uozo huo, kwa hiyo hata lililo zima usilihifadhi likiwa limebanwa kwenye mfuko.

Viatu vya mlimani vina hila kubwa zaidi. Je, wajua kwamba buti lisilovaliwa linaweza kuchakaa upesi kuliko linalovaliwa? Buti nyingi zina tabaka la katikati ya soli la poliyurethani, povu jepesi ambalo unyevu wa hewani hulivunjavunja polepole. Buti lililokaa kabatini Ulaya miaka kumi, kisha likasafiri ndani ya kontena hadi bandari ya Dar, laweza kufika likiwa linang'aa. Siku ya pili njiani soli inabaki kwenye matope na mguu unaendelea mbele. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa dole gumba. Likirudi kama mpira, sawa. Likibonyea na kubaki na alama, au likitoa vumbi, usilinunue. Kikunje kiatu pia, uangalie kama kuna nyufa pale kinapokunjikia.

Namba za viatu zinachanganya kwa sababu kila nchi ina rula yake. Namba ya Ulaya huongezeka kwa theluthi mbili za sentimita, ya Uingereza kwa theluthi ya inchi. Achana nazo. Chini ya ulimi wa raba na buti nyingi kuna namba ya sentimita, mara nyingi pembeni ya herufi JP, nayo ni urefu wa mguu. Simama ukutani juu ya karatasi, weka alama mbele ya kidole kirefu, pima. Fanya hivyo jioni, kwa kuwa mguu huvimba mchana kutwa, kisha ongeza sentimita moja hivi ya kuteremkia mlima. Kucha nyeusi huletwa na mteremko, kupanda hakuna kosa.

Na herufi za nguo? L ya Asia kwa kawaida ni ndogo kuliko L ya Marekani. Gauni au suruali ya kike namba 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani. Beba futi ya fundi mfukoni, uache kubishana na lebo.

Herufi YKK kwenye zipu ni za kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa na Yoshida Tadao mwaka 1934. Ni dalili nzuri, wala si hati ya ukamilifu. Huku kwetu chumvi ya bahari hula zipu za chuma, chagua ya nailoni au plastiki. Ikikwama, ipake mshumaa.

Je, wajua kwamba koti la Gore-Tex linaweza kukutosa kwenye jasho Kisarawe? Bob Gore aligundua utando wa koti hilo mwaka 1969 kwa kuvuta ghafla kipande cha plastiki cha PTFE, na kitambaa chake kikaingia sokoni mwaka 1976. Vitundu vyake ni vidogo kuliko tone la maji na vikubwa kuliko mvuke, kwa hiyo mvua haiingii na jasho linatoka. Ila mvuke hutoka upesi pale tu hewa ya nje inapokuwa kavu au baridi kuliko ya ndani. Mwezi wa Aprili, masika imepamba moto, msitu wa Pugu ukitoa mvuke kila upande, jasho halina pa kwenda. Ushauri wangu ni huu: ukiwa na pesa ya koti la namna hiyo, lipeleke Kilimanjaro au Uluguru. Pwani chukua mwavuli.

Uzi wa vitambaa vya hema na mabegi hupimwa kwa denieri, nao ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Ukiona 20D, kilomita 9 nzima za uzi huo zina gramu 20 tu. Ukiona 600D umeshika begi la shule, gumu na zito.

Begi nalo hupimwa kwa mgongo, kimo cha mtu hakisemi kitu. Inamisha kichwa, papasa mfupa unaotokeza chini ya shingo. Shika kiuno, vidole gumba vielekeane mgongoni. Kutoka mfupa ule hadi kwenye mstari wa vidole gumba ndio urefu wako wa begi, na watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kupishana sana. Mkanda wa kiunoni ukikaa juu ya mifupa ya nyonga, uzito mwingi unahamia miguuni na mabega yanapumua. Begi lisilo na mkanda huo, usilipakie zaidi ya kilo chache.

Wako watakaosema vifaa vyepesi ni vya matajiri. Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa Kimarekani wa miaka 67, alitembea peke yake njia ya Appalachian, kilomita 3,300 hivi, akiwa na raba, mfuko wa jinzi alioushona mwenyewe, blanketi na pazia la bafuni la plastiki kama paa lake.

Sisi tuna kanga. Mita moja na nusu kwa moja hivi, inakuwa taulo, shuka, mto na pazia, na hukauka kabla chai haijaiva. Yeboyebo ni viatu vyepesi kweli vya kambini. Na je, wajua kwamba chandarua kinaweza kushinda hema? Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset, vyenye dawa ndani ya nyuzi zenyewe, mwaka 2003, cha kwanza Afrika. Usiku wa joto pwani, chandarua chini ya turubai jepesi kina hewa kuliko hema lolote la tabaka mbili, kwa sehemu ndogo ya uzito wake. Panapo wanyama wakali, lakini, hema linalofungwa halina mbadala.

Mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata ni mwepesi kuliko wote, hadi ulowe. Hapo hubaki madonge yasiyo na joto. Kwa milima yetu yenye ukungu nachagua wa poliesta. Ukisoma lebo yake, fuata namba ya starehe. Namba ya mwisho kabisa ni ya kunusurika tu.

Mifuko ya plastiki ya Rambo iliyokuwa ikikinga nguo ndani ya begi ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kipande cha nailoni nene inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya ujenzi kinafanya kazi hiyo, na kinadumu.

Nguo za ndani za mitumba zimekatazwa na shirika la viwango, TBS. Basi pesa ya dukani iende huko, pamoja na soksi.

Pa kujaribia vifaa hivi si mbali: tangu Juni 2024 treni ya SGR inakushusha Morogoro, mguuni mwa Uluguru, na Udzungwa ni hifadhi isiyo na barabara ndani yake, ni mwendo wa miguu tu.

Mwisho ni rangi. Je, wajua kwamba mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, kwa sababu ndizo rangi zinazomvuta? Hizo usizivae Saadani, Mikumi wala Hifadhi ya Nyerere. Na lile koti la mabaka ya kijeshi, hata liwe zuri na la bei ya chini namna gani, liache lilipo: sheria inamkataza raia kuvaa sare za jeshi na zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa wenye nazo kuzisalimisha. Chukua kaki, kijivu au kahawia.